Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Katika kazi zote zinazozunguka utengenezaji wa tovuti, iko moja ambayo haina cheo, mara nyingi hailipwi, na wala haitajwi kwenye wasifu wa mtu: kazi ya kukaa mbele ya tovuti ya mwenzako ukamweleza imekutendea nini. Anayesanifu kurasa tunamsifu, anayeandika msimbo tunamsifu, hata anayeuza nafasi kwenye seva ana bango lake barabarani. Mkosoaji hana. Nataka kumsifu yeye, na hasa yule anayekosoa potifolio, yaani ile tovuti ndogo ya mtu mmoja ambayo mbunifu, mpiga picha, mwandishi au mtaalamu wa programu huitengeneza ili kazi zake zionekane na mwajiri au mteja asiyemjua. Nasema kukosoa potifolio ni ufundi kamili wenye kanuni zinazofundishika, na kiini chake ni kimoja: mkosoaji hodari hutoa ushahidi wa yaliyompata alipokuwa akiitumia tovuti, kisha dawa humwachia mwenye tovuti. Anayekwenda kinyume cha hapo, awe mpole au mkali, ametoa ladha yake tu.

Kwanza nieleze kwa nini potifolio inahitaji jicho la mtu mwingine kuliko tovuti nyingine yoyote. Mbunifu anayetengeneza tovuti ya hoteli Mombasa au ya chama cha ushirika Moshi ana mteja anayemuuliza maswali, na mteja naye ana wageni wanaopiga simu kulalamika kwamba bei hazionekani. Kwenye potifolio watu hao wote ni mtu mmoja. Mbunifu ndiye mteja, ndiye mwandishi, ndiye sura iliyo kwenye ukurasa wa mwanzo, na ndiye anayeamua kwamba kazi imekwisha. Wahenga walishasema kinyozi hajinyoi, na utafiti umeonyesha jinsi jambo lenyewe lilivyo zito. Mwaka 1990 Elizabeth Newton, katika tasnifu yake ya udaktari kwenye Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwapa watu kazi ya kugonga meza kwa vidole kufuata mapigo ya nyimbo maarufu, na wenzao wasikilize wazitambue. Wagongaji walikadiria kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120, zilitambuliwa 3. Mgongaji alikuwa akiusikia wimbo mzima kichwani, maneno na ala zake. Msikilizaji alisikia vidole vikigonga mbao. Mwenye potifolio ameketi kwenye kiti cha mgongaji. Akiitazama nembo aliyomchorea muuza kahawa, anaona mazungumzo marefu, rasimu zilizokataliwa, na siku mteja alipokubali hatimaye. Mwajiri anaona kikombe na mstari wa kahawia. Hata ajitahidi vipi, mwenye potifolio hawezi kujisahaulisha anachokijua, ndiyo maana akikaa peke yake na tovuti yake miezi mitatu atarekebisha pembe za vitufe na kuacha tatizo kubwa likiwa palepale lilipokuwa.

Tuitazame tovuti moja ya aina hiyo kwa karibu, kwa kuwa zinafanana kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam na Kampala. Ukurasa unafunguka kwa maandishi makubwa: "Habari, mimi ni mbunifu mwenye shauku ya kuleta suluhisho za kidijitali." Chini yake pana picha ya mwenyewe amekunja mikono kifuani, kisha mistari ya kijani inayojaa polepole ikionyesha ujuzi wake: Photoshop asilimia 90, HTML asilimia 85, ubunifu asilimia 95. Kazi zenyewe ziko mbali, huko chini, picha sita zilizopangwa mbili mbili bila maelezo, na mwisho kabisa kuna fomu ya kutuma ujumbe. Maandishi madogo ni ya kijivu hafifu, kwa sababu kijivu kinaonekana kistaarabu kwenye kompyuta ya mbunifu. Mwenyewe anaona ukurasa uliotimia. Mgeni anakwama kila hatua. Huyu ni mbunifu wa nini: nembo, nguo, au programu za simu? Asilimia 90 ya nini, na nani aliyepima? Ile picha ya nne ni ya programu ya kliniki. Je, aliichora yeye, aliiandikia msimbo, au alikuwa mmoja wa watu wanane? Na ile fomu ikijazwa, ujumbe unamfikia nani, na utajibiwa lini?

Mkosoaji asiye fundi atatazama tovuti hiyo akaandika moja ya mambo mawili. La kwanza ni "Nzuri sana, hongera dada", ambalo halina kosa lolote isipokuwa kwamba halibadilishi kitu. La pili ni "Weka bluu, hiyo kijani haivutii." Fundi angeandika hivi: "Dada, nimeifungua kwa simu nikiwa kwenye daladala. Mstari wa kwanza nimeusoma mara mbili na bado sikujua unafanya kazi gani. Nilipofika kwenye asilimia nilidhani ni matokeo ya mtihani, nikaanza kutafuta ni mtihani gani. Kazi yako ya kwanza nimeiona baada ya kusogeza kioo mara tano. Ile ya kliniki ndiyo iliyonishika. Nilitaka kujua wewe ulifanya sehemu ipi, sikupata. Maandishi chini ya picha sikuweza kuyasoma, jua lilikuwa kali." Hapo hakuna sentensi hata moja inayoanza kwa "ungefanya". Kila sentensi ni jambo lililotokea, mahali lilipotokea, na kwa mpangilio lilivyotokea. Mwenye tovuti akiyasoma maneno hayo anajua mahali pa kushika: amchukue msomaji kwenye kazi mapema, aseme kazi yake kwa jina, aandike mchango wake chini ya kila mradi, akoleze maandishi. Pengine atafanya hayo kwa njia ambayo mkosoaji asingeifikiria kamwe. Kauli ya bluu ingemwachia amri moja asiyojua sababu yake, na kesho mtu mwingine angekuja na nyekundu.

Kuna ushahidi kwamba tofauti hii kati ya kusimulia na kuagiza ina mizizi katika akili ya binadamu, wala si suala la adabu ya uandishi peke yake. Mwaka 1977 wanasaikolojia wa Marekani Richard Nisbett na Timothy Wilson walichapisha makala juu ya uwezo wa watu kueleza sababu za maamuzi yao. Katika jaribio moja walipanga jozi nne za soksi ndefu za nailoni kwenye meza na kuwaomba wapita njia wachague iliyo bora. Jozi ya mwisho upande wa kulia ilichaguliwa kwa wingi kuliko nyingine zote. Jozi zote nne zilikuwa sawasawa. Walipoulizwa sababu, watu walitaja ubora wa ufumaji na ulaini wa kitambaa. Hakuna aliyetaja mahali zilipowekwa, na walipodokezwa kwamba huenda ni mahali, karibu wote walikana. Hawakusema uongo. Walichagua kwa sababu isiyoonekana, kisha wakatafuta sababu inayosemeka. Mtu anayekwambia "kijani haivutii" huenda amechoshwa na ukurasa uliochelewa kufunguka, na rangi ndiyo iliyokuwa karibu kulaumiwa. Hisia yake ni ya kweli na iheshimiwe, maana jambo fulani limemkera. Maelezo yake ya chanzo ndiyo ya kupokea kwa tahadhari, na dawa anayoiagiza kwa tahadhari mara mbili. Ndiyo maana mkosoaji aliyejifunza kazi hujizuia asikimbilie sababu. Anabaki kwenye yale aliyoyaona na kuyafanya, kwa kuwa hapo ndipo ushahidi wake una nguvu.

Wagiriki wa kale walikuwa na kisa kinachogusa jambo hili, alichokihifadhi Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1. Mchoraji Apelles, aliyemchora Iskanda Mkuu, alikuwa akizianika kazi zake mahali pa wazi, naye akajificha nyuma ya picha asikie wapita njia wanasemaje. Siku moja fundi viatu akasema kiatu kwenye picha kimepungukiwa kitanzi. Apelles akarekebisha. Kesho yake fundi yule, akijivunia kwamba alisikilizwa, akaanza kuukosoa mguu. Apelles akajitokeza na kumwambia fundi viatu asipande juu ya kiatu. Watu wengi hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya nusu ya pili, ili kumnyamazisha asiye mtaalamu. Mimi naiona nusu ya kwanza kuwa na uzito zaidi. Mchoraji mashuhuri kuliko wote wa zama zake alikubali kujificha nyuma ya ubao, kwa sababu alijua kwamba mtu akisimama karibu na kazi yake hasikii ukweli. Hakueleza picha kabla haijatazamwa, wala hakujitetea ilipokosolewa kwa haki. Anayetuma kiungo cha potifolio yake akianza na maelezo marefu ya kwamba bado haijakamilika, kwamba sehemu ya kazi atairekebisha, kwamba rangi ni za muda, ameshatoka nyuma ya ubao kabla mtu hajafika. Na kuhusu ile nusu ya pili, naomba kutofautiana na Apelles kidogo. Fundi viatu hana mamlaka ya kufundisha namna ya kuchora misuli ya mguu, lakini akisema mguu unamshangaza, ameona kitu. Mshangao wake ni ushahidi, hata kama hajui uliko ugonjwa.

Hapa ndipo ninapokutana na pingamizi la kwanza, ambalo huwa nalisikia kwa watu wa fani: kwamba usanifu ni elimu, na maoni ya asiyeusomea yatauharibu. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu zaidi mahali pengine kuliko kwetu. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wamekuwa wakihukumu mpangilio wa maandishi na picha kwa zaidi ya karne moja, tena kwa fedha zao, kila waliponunua kanga. Kanga ina pindo, ina mji ulio katikati, ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Kila sehemu ina kazi yake, na mnunuzi anazitambua zote bila kusoma chuo chochote. Mama aliyesimama dukani atakwambia mji umejaa mno, pindo limemeza mchoro, jina limeandikwa chini sana litafichwa na mkunjo. Tena anajua kwamba doti, yaani jozi ya kanga, haihukumiwi ikiwa imekunjwa kwenye rafu. Lazima mmoja ajifunge, atembee hatua mbili, ndipo waone kama jina linakaa mahali pake. Wafanyabiashara wa Zanzibar na Mombasa waliotuma maagizo kwenye viwanda vya Uholanzi, Uingereza, India na baadaye Japani walitegemea macho hayo, kwa kuwa mchoro usiompendeza mwanamke wa pwani ungebaki kwenye marobota. Watu wenye jicho la namna hiyo hawahitaji kujua fonti inaitwaje ili waseme kichwa cha habari kimeshindana na picha. Wanachohitaji ni kuulizwa.

Lakini waulizwe vizuri, na hili linatuleta kwenye pingamizi zito zaidi. Watasema: kwetu mtu haambiwi usoni kwamba kazi yake ina kasoro. Mdogo hamkosoi mkubwa, mgeni hamkosoi mwenyeji, na rafiki akikuonyesha kitu alichokitolea jasho unampongeza. Hayo ni kweli, na sidhani ni udhaifu wa kuonewa haya. Heshima ndiyo inayofanya watu waendelee kuishi pamoja baada ya ukosoaji. Kosa liko kwenye swali. Ukimuuliza mtu "Unaionaje tovuti yangu?" umemwomba hukumu, na mtu mwenye adabu atakupa hukumu iliyo njema. Mpe kazi badala yake. Mwambie: nitafutie nembo niliyoichora ya duka la dawa. Mwambie: chukulia una mgahawa na unataka menyu mpya, nitumie ujumbe kupitia tovuti hii. Kisha kaa kimya na utazame kidole chake. Kikienda kwenye picha isiyobofyeka, kikirudi nyuma, kikisimama, umeshapata maoni yote unayoyahitaji, na heshima haijavunjwa hata kidogo. Baadaye muulize, "Ukiulizwa na shemeji yako mimi nafanya kazi gani, utamjibuje?" Jibu lake litakuonyesha kwa uhakika kilichofika na kilichopotea njiani. Mtu anayeona taabu kusema "sikuelewa" hataona taabu kusema "nadhani unapiga picha za harusi", na kama wewe ni mhandisi wa programu, jibu hilo linatosha. Ustadi wa anayeomba maoni ni nusu nzima ya ufundi huu, na naona umepuuzwa kuliko nusu ya mkosoaji.

Liko pia suala la uchumi wa macho, ambalo wengi hulipoteza bila kujua. Gitte Lindgaard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, walionyesha mwaka 2006 kwamba watu walioonyeshwa ukurasa wa tovuti kwa milisekunde 50 walitoa hukumu ya uzuri wake iliyokaribiana sana na ile ya kuutazama kwa nusu sekunde. Ukurasa unahukumiwa kabla neno lake la kwanza halijasomwa. Kwa hiyo jicho linaloiona tovuti kwa mara ya kwanza lina kitu ambacho jicho la pili halina tena, na kila mtu analo moja tu kwa kila tovuti. Anayemwaga kiungo chake kwenye makundi yote ya WhatsApp siku ya kwanza, tovuti ikiwa bado ina viungo vilivyokatika na picha zisizofunguka, ametumia macho mapya mia kujulishwa jambo ambalo angeligundua mwenyewe kwa dakika kumi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa utumiaji wa tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya utumiaji. Mwaka uliofuata watafiti wenzake Jared Spool na Will Schroeder wakampinga kwa ushahidi wa tovuti kubwa za biashara, ambako watu 5 hawakukaribia hata kidogo. Ubishi huo una maana kwa wenye maduka makubwa ya mtandaoni. Potifolio yenye kurasa nne ni kitu kidogo, na shauri la Nielsen mwenyewe linaifaa: ukiwa na watu 15, usiwaite wote mara moja, waite 5, rekebisha, waite wengine 5. Kila kundi litakuta tovuti iliyokwisha kunufaika na kundi lililotangulia.

Na yale yanayopimika kwa mashine yapimwe kwa mashine, kabla mtu yeyote hajaitwa. Kile kijivu hafifu ni mfano mzuri. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu chenye namba 999999 juu ya weupe hakifiki hata 3. Kijivu chenye namba 767676 kinavuka mpaka kwa unywele, na jicho la mbunifu aliyekaa kwenye chumba chenye kivuli haliwezi kuona kama tofauti hiyo ni ya maana. Anayesimama kituoni saa saba mchana na simu ya bei nafuu anaiona. Uzito wa picha nao unapimika: picha iliyotoka kwenye kamera ikiwa na megabaiti 6 inaweza kupunguzwa ikabaki sehemu ndogo sana ya hapo bila msomaji kugundua, na bando analolipa ni lake msomaji. Tena simu nyingi za watu wetu huonyesha ukurasa kwa upana wa pikseli 360 hivi. Tangu mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte alipoeleza mwaka 2010 namna ya kuusanifu ukurasa mmoja ujikunje na kujitanua kufuata kioo kinachousoma, hakuna sababu ya kumwambia mwajiri afungue tovuti kwa kompyuta ndipo aione vizuri. Programu za upimaji zipo, ni za bure, na zinatoa ripoti baada ya muda mfupi. Wapo wanaosema kwamba mashine hizo, pamoja na akili bandia inayoweza leo kuandika aya nzima za uhakiki, zitamwondoa mkosoaji binadamu. Zitamwondolea mzigo, na namshukuru aliyezitengeneza. Hata hivyo hakuna mashine iliyowahi kuwa na nafasi moja ya kazi ya kuijaza, maombi mengi mezani na woga wa kumwajiri mtu asiyefaa. Potifolio imetengenezwa kwa ajili ya msomaji mwenye woga huo, na ni binadamu mwenzake tu anayeweza kusema, "Hapa nilianza kukuamini," au "Hapa nilianza kuwa na shaka."

Sentensi hizo mbili ndizo ninazoziona kuwa kilele cha ufundi wenyewe. Kusema menyu haionekani ni kazi nyepesi, na mwanafunzi wa wiki mbili anaiweza. Kugundua dakika ambayo imani yako kwa mtu usiyemjua ilipanda au kushuka, na kuitaja, kunataka mtu anayejisikiliza akisoma. Mkosoaji wa namna hiyo atakwambia kwamba ulipoeleza jinsi mteja alivyokataa rasimu ya kwanza na ulichojifunza kwa wateja wake, alitaka kukupigia simu. Na kwamba uliposema umefanya kazi na "kampuni kubwa mbalimbali" bila kuitaja hata moja, alirudi nyuma. Atakwambia kwamba kazi tatu zilizoelezwa zilimshawishi na zile tisa zilizofuata zikampunguzia ushawishi, kwa sababu mbili kati yake zilikuwa za kujifunzia na zilionekana hivyo. Hakuna kipimo cha pikseli kinachofika hapo. Na maoni ya aina hii ndiyo yanayomsaidia kijana aliye Mwanza au Kisumu anayetafuta kazi kwa mteja wa Kampala au Berlin ambaye hatakutana naye ana kwa ana. Kwake tovuti ndiyo salamu, ndiyo mavazi, na ndiyo shahidi pekee atakayekuwepo.

Limebaki pingamizi la wale wanaoogopa kwamba ukosoaji huzaa tovuti zinazofanana. Ukimsikiliza kila mtu, wanasema, utabaki na kitu kisichomchukiza yeyote wala kumpendeza yeyote, na mbunifu asiyethubutu hana cha kuonyesha. Nakubali kwamba potifolio nyingi leo zinafanana. Lakini ukitazama zinakotoka utakuta zimenunuliwa kama violezo vilivyo tayari, au zimeigwa kutoka kwenye majukwaa ya maonyesho kama Behance na Dribbble, ambako kazi hupewa alama za kupendwa na watu wanaoipita kwa sekunde moja. Ile mistari ya asilimia haikupendekezwa na mkosoaji yeyote makini; ilikuja na kiolezo, ikaachwa kwa sababu hakuna aliyeuliza inamaanisha nini. Ushahidi unaosimuliwa haumlazimishi mtu kufanana na mwenzake. Mpiga picha aliyeamua kwamba tovuti yake itafunguka kwa giza tupu na picha moja ya wavuvi wa Lamu, bila neno lolote, anaweza kuambiwa na watu watano kwamba walisubiri wakidhani tovuti imekwama. Akitaka ataongeza jina lake kwa herufi ndogo pembeni, au atabaki na giza lake akijua gharama anayolipa na sababu ya kuilipa. Uthubutu wa namna hiyo nauheshimu. Anayethubutu bila kujua kwamba wageni wanageuka mlangoni hajathubutu, amekosa habari tu.

Kwa hiyo nina ombi kwa kila mwenye jicho, awe msanifu kurasa wa gazeti, mwalimu wa chuo cha ufundi, mwajiri aliyepitia maombi mengi, au mama mwenye duka la kanga. Kijana akikutumia kiungo cha tovuti yake wiki hii, usimjibu kwa dole gumba. Ifungue kwa simu yako mwenyewe, tafuta kazi yake iliyo bora, jaribu kumwandikia kama mteja, kisha mweleze yaliyokupata tangu ukurasa ulipoanza kufunguka mpaka ulipoufunga. Nawe uliyeomba maoni, ukishafanya marekebisho, mrudie aliyekukosoa. Mwonyeshe ulichobadilisha na ulichokiacha, na umweleze kwa nini.